Nyumba za Krismasi huozea Mei

Mhariri,

Kila Desemba nyumba za wageni za Watamu na Malindi hujaa, na malalamiko ni yale yale: chumba kinanuka, godoro lina koga, paa linavuja juu ya kitanda. Lawama zote humwangukia mtunzaji. Lakini nyumba hizo haziharibiki Desemba. Huharibika baada ya Pasaka, masika yakinyesha na kusi ikivuma kutoka baharini, mlango ukiwa na kufuli na mtunzaji amerudishwa kwao bila mshahara.

Ile harufu, mara nyingi si ya uchafu. Chini ya sinki na chini ya tundu la bafuni pana bomba lililopinda, na maji yanayotuama kwenye pindo hilo ndiyo yanayozuia hewa ya shimo la choo isipande. Chumba kisipotumika kwa wiki kadhaa maji hukauka. Harufu hupanda, na mende nao. Mimina jagi la maji katika kila tundu, kisha vijiko 2 vya mafuta ya kupikia juu yake ili yasikauke upesi. Marashi ya dukani hayasaidii kitu hapo.

Godoro lisimamishwe kwa ubavu katikati ya chumba, lisiguse ukuta. Madirisha yafunguliwe siku za jua, saa nne hadi saa tisa mchana, si alfajiri hewa ikiwa bado na unyevu. Friji izimwe, iyeyushwe, ifutwe ikauke, na mlango uwekewe kijiti usijifunge.

Paa ndilo linalokula pesa. Panda ngazi upime makuti ya viungo, yaani majani ya mnazi yaliyoshonwa kwenye kijiti: kwenye paa zuri, kutoka kuti moja hadi la pili ni kama inchi 4. Fundi mwenye haraka huacha 8 au zaidi, na ukiwa chini huwezi kujua, maana kivuli ni kile kile. Mwinamo nao ukipungua sana chini ya nyuzi 45, maji hukawia na kuti huoza. Kutafuta panapovuja, ingia ndani saa sita mchana uangalie vitone vya jua, utie alama ya chaki kwenye ufito ulio karibu. Usifuate doa la sakafuni, kwa kuwa maji hutambaa kwenye ufito kabla ya kudondoka. Kuezeka upya ni kazi ya Agosti na Septemba, kabla ya vuli. Anayengoja Novemba atagombania mafundi na mahoteli, tena auziwe makuti mabichi.

Jambo moja dogo: nyumba ikiwa tupu, taa za upande wa bahari zizimwe. Watoto wa kasa wakianguliwa usiku hufuata mwanga, nao wakielekea barazani badala ya majini hawafiki mbali.

Kazi hizi hazifanywi na kufuli. Nyumba ya vyumba 4 inamhitaji mtu mmoja, siku 2 kwa wiki, kuanzia Pasaka mpaka Agosti. Wenye nyumba wanaoona mshahara huo ni hasara, waulize kwanza bei ya magodoro 4.

Mtunza nyumba,
Watamu, Kilifi