Wimbo wa kwetu nao una mwenyewe, tumwandike

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie muziki wa huku Nyanda za Juu Kusini, hasa majina ya watu wanaoutunga na kuupiga, ambayo yanapotea huku tunayaangalia.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya. Kazi yangu kubwa ni sare za kwaya. Huu ni mwaka mmoja tangu nianze pia kuandika habari za wanamuziki wa mkoa wetu na mikoa ya jirani. Sijaajiriwa na mtu wala sina mfadhili. Namfuata mwalimu wa kwaya, kijana wa bongo fleva au mzee wa ngoma, namhoji, naandika, kisha nawatumia watu kwa simu. Wasomaji wa mwanzo walikuwa wateja wangu wa sare. Sasa wapo Tunduma na Makambako, watu ambao hatujawahi kuonana.

Swali langu la kwanza kwa kila wimbo ni hili: nani katunga? Linawasumbua watu kuliko nilivyotegemea. Wanakwaya waliokuja kupimwa magauni watakuimbia wimbo mzima palepale, sauti zote nne, na ukiuliza mtunzi wanatazamana. Mmoja atasema ni wa kwaya yetu. Mwingine atasema hapana, tuliutoa usharika fulani kule Rungwe. Ukiufuatilia mpaka huko, unaambiwa aliyeutunga alikuwa mwalimu aliyehamia Chunya zamani.

Ilibidi nijifunze namna nyimbo hizi zinavyosafiri. Mwalimu wa kwaya anaandika wimbo kwenye daftari la kawaida la shule, kwa noti za do re mi, mstari wa sauti ya kwanza juu, besi chini. Anafundisha. Mwanakwaya mmoja anaolewa Mbozi, anaondoka na wimbo kichwani, anakwenda kuufundisha huko. Baada ya miaka kwaya ya huko inapata fedha, inaingia studio, inarekodi na video inatoka. Kwenye kasha panaandikwa jina la kwaya, jina la mchungaji na namba ya simu ya mweka hazina. Mwalimu wa daftari hayupo. Hakuna aliyemwibia kwa makusudi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hata wa kumlalamikia hana.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba kutaja jina ni kujikweza, utukufu ni wa Mungu. Neno hilo naliheshimu, mimi mwenyewe nimekulia Kanisa la Moravian na baba yangu alikuwa mpiga tarumbeta. Lakini fungueni Zaburi. Ya 23 imeandikwa juu yake kuwa ni ya Daudi. Ya 42 ni ya wana wa Kora, ya 50 ni ya Asafu. Zaburi ya 4 inaelekeza hata ipigwe kwa ala za nyuzi. Waliozihifadhi nyimbo hizo hawakuona kwamba kumwandika Asafu kunampunguzia Mungu kitu. Hoja hii nilimweleza mzee mmoja wa kanisa Uyole, na wiki iliyofuata aliniletea orodha ya nyimbo za kwaya yao na majina ya watunzi wote aliowakumbuka, wakiwamo marehemu. Katika kazi yote ya mwaka huu sijapokea karatasi iliyonifurahisha kama ile.

Bendi za matarumbeta ndizo zilizosahaulika kabisa. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mpaka leo alfajiri ya Pasaka, baridi ikiwa kali, unawasikia wapigaji makaburini kabla jua halijachomoza. Wengi ni wakulima wa ndizi na viazi wanaojua kusoma noti vizuri sana. Gazeti gani limewahi kuandika jina la hata mmoja wao? Wapo wanaopiga ala zilizozibwa matundu kwa risasi ya kulehemu na bado sauti inatoka safi.

Niliwahi kwenda Iringa kwenye harusi ya ndugu, nikatumia nafasi hiyo kuulizia ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe. Vijana wengi niliowauliza hawakuwahi kuiona. Lakini sauti yake ipo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipita Tanganyika na mitambo ya kurekodia, akawarekodi pia Wahehe. Rekodi zake zinatunzwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki iliyopo Chuo Kikuu cha Rhodes. Tracey alikuwa na kawaida ya kuandika lugha ya wimbo, aina ya ala, mahali na waliopiga. Kwa hiyo ligombo la mwaka 1950 lina kumbukumbu zake, na wimbo uliorekodiwa mwaka jana katika studio ya hapa Mafiati hauna. Hata shati la mtumba lina lebo shingoni inayosema limeshonwa wapi.

Kuhusu bongo fleva sitasema mengi. Wakubwa tunawajua: Sugu, aliyevuma na rap ya Kiswahili miaka ya 1990 na mwaka 2010 akachaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini, Rayvanny, mzaliwa wa Mbeya, aliyepata tuzo ya BET mwaka 2017. Ninaowasemea ni vijana waliobaki hapa, na zaidi yao watengeneza midundo na waitikiaji. Kijana mmoja wa Ilomba aliniambia mtangazaji wa redio moja alimtaka atoe hela ndipo wimbo wake uchezwe. Mimi nami meneja mmoja alinipa bahasha niandike kwamba wimbo wa msanii wake unatikisa nchi. Nilimrudishia mbele ya wateja. Nikila ya mmoja, siku nikimsifu mwingine kwa haki nani ataniamini? Cherehani inanilisha, na ndiyo sababu naweza kuandika kwamba wimbo ni dhaifu ukiwa dhaifu. Wapo walioninunia, na wapo waliorudi studio.

Kuna watakaosema majina ni mambo madogo. Si madogo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwa jina lake, na inalinda kazi yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Maana yake wajukuu wa yule mwalimu wa Chunya wana haki yao. Lakini mirabaha, yaani malipo ya wimbo unapotumiwa, atalipwa nani kama wimbo umeandikwa kwa jina la kwaya iliyouokota njiani? Kusajili kazi kunaanza na jina la mtunzi.

Kwa hiyo nina maombi. Kwa gazeti lako, Mhariri: mnapoandika habari ya wimbo, andikeni na mtunzi, waliopiga, mahali uliporekodiwa na mwaka. Mstari mmoja chini ya picha unatosha. Kwa watangazaji wa redio zetu za Mbeya, Iringa na Njombe: tajeni mtunzi kabla hamjacheza, hasa nyimbo za kwaya za asubuhi. Kwa wenye studio: msilitoe faili likiwa na jina la namba tupu. Kijana anayelipeleka kwenye flashi hana namna ya kujua lililo ndani.

Na kwa wasomaji wa Tukuyu, Kyela, Makete, Mafinga na kwingineko: kama nyumbani kuna daftari la mzee aliyekuwa mwalimu wa kwaya, msiliwashie moto wala kulifungia maandazi. Lipigeni picha ukurasa kwa ukurasa, andikeni jina lake na miaka aliyofundisha, kisha mpeleke nakala kwa katibu wa usharika. Mzee akiwa hai, mkalisheni awaimbie nyimbo zake mzirekodi kwa simu, na aseme mwenyewe alitunga upi na upi aliupokea kwa nani.

Wako,
Fundi wa sare za kwaya,
Mwanjelwa, Mbeya