Salamu za Idd el-Fitri: Picha ya Mfunguo Mosi 1380

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, ndugu zangu, jamaa na marafiki mlioko Unguja na Pemba, mlioko Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, na nyinyi mlioko Maskati ambao kila mwaka tunabishana nanyi juu ya kuandama kwa mwezi, nakupeni mkono wa Idd. Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na sala zetu, awarehemu waliokuwa nasi sikukuu iliyopita na leo hawapo, na awape afueni wale wanaoisikia takbira wakiwa kitandani.

Kwa kawaida salamu zangu huwa mistari mitatu. Mwaka huu naomba mnivumilie kwa maneno marefu, kwa sababu nyakati nyingi za usiku katika Ramadhani hii nimezipitisha mkekani pamoja na Bibi, baada ya tarawehe, na baina yetu likiwa lile sanduku la bati la picha ambalo wengi wenu mnalijua kwa sura ingawa hamkuruhusiwa kulifungua. Tulilifungua katika kumi la kati, kabla watu hawajashughulika na ibada za kumi la mwisho. Bibi ametimiza miaka 80 na macho yake hayapati tena zaidi ya mwanga wa mlangoni, kwa hiyo nilidhani kwamba kumwekea picha mbele yake ni kumwongezea huzuni. Yeye mwenyewe ndiye aliyelitaka sanduku, na nilipositasita akaniambia, "Mume wangu, wewe nitolee macho, majina ninayo mimi."

Kazi hiyo ni ngumu kuliko nilivyofikiri. Usiku wa kwanza nilimwambia kwamba katika picha niliyoshika yumo mwanamume aliyevaa kanzu na kofia, naye akanijibu kwamba siku ya Idd wanaume wote huvaa kanzu na kofia, nimwambie kofia yenyewe kaivaa vipi. Nikatazama vizuri zaidi, nikaona kwamba imelazwa upande wa kulia hata imekaribia kugusa sikio, na hapo hapo akamtaja mtu, kazi yake, mtaa wake na deni alilokufa nalo. Katika picha nyingine palikuwa na mwanamke aliyeuficha mkono wa kushoto ndani ya buibui, jambo ambalo nisingeliona kabisa kama nisingelazimika kulisema kwa maneno. Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Yule alikuwa mama yake mzazi, na mkono ule ulifichwa kwa sababu usiku wa kuamkia Idd aliulalia, hina ikavurugika, na asubuhi akawa na mkono mmoja wa sikukuu na mmoja wa jikoni.

Picha hiyo ya mkono uliofichwa ndiyo kongwe kuliko zote sandukuni, na ndiyo iliyonifanya niandike. Nyuma yake pana maandishi ya wino, kwa herufi za Kiarabu na maneno ya Kiswahili, kama walivyoandika wazee wetu: Idi ya pili, Mfunguo Mosi 1380. Vijana wetu wengi wanaujua mwezi huo kwa jina la Shawwal peke yake, na hata sisi wakubwa siku hizi husema "Mfungo Mosi", kana kwamba ndiyo kwanza tunaanza kufunga. Hesabu ya wazee ilianza pale saumu inapofunguliwa: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu ambao ndani yake tunachinja, Mfunguo Sita wa Maulidi, hadi Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Napenda kwamba mwaka mzima ulihesabiwa kutokea siku hii ya leo.

Mfunguo Mosi wa 1380 uliangukia Machi 1961. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, na kwa hiyo Idd hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa jua, ikapita kipupwe, ikapita masika, ikapita kaskazi, mpaka baada ya miaka 32 na ushei ikarejea karibu na pale ilipokuwa. Kwa familia isiyokuwa na desturi ya kuandika tarehe, majira ni kalenda ya kutosha. Mimi mwenyewe nimo katika picha ya Juni 1986, mtoto wa kubebwa, nimevishwa sweta na kofia ya sufi kana kwamba nimezaliwa Moshi, kwa sababu Idd ile ilikuja katikati ya kipupwe. Na Bibi anakumbuka mwaka mmoja uliokuwa na Idd el-Fitri mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine kabla Disemba haijaisha, ambao kwa hesabu ni 1968. Anaukumbuka kwa sababu ya upindo: nguo ya Idd ya kwanza ilifunguliwa upindo ikawa nguo ya Idd ya pili, na picha zote mbili zipo, gauni moja, shingo moja, na mstari wa upindo wa zamani unaonekana juu ya goti.

Basi Idd ya mwaka huu imetua tena Machi, kaskazi ikiaga na mawingu ya masika yakikusanyika upande wa bahari, mahali ilipokuwa 1993 na mahali ilipokuwa 1961. Niliziweka picha za miaka hiyo miwili ubavu kwa ubavu.

Ile ya 1993 ni ya rangi, na imeharibika kuliko mzee wake. Katika karatasi yake wino wa buluu ndio uliotangulia kufa ingawa picha ilifungiwa gizani, na unyevu wetu wa pwani humalizia kazi, kwa hiyo sote tumekuwa wekundu kama tuliopigwa picha mbele ya moto, hali nyeusi na nyeupe ya 1961 bado inaonesha uzi wa kofia. Tumesimama kwenye ngazi za jengo letu la Michenzani, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza tangu watu walipokuwa wakitoka kuswali na uwanja wa Mnazi Mmoja ulikuwa tope tupu. Watoto wanane tumeshonewa kitambaa cha jora moja, wavulana mashati, wasichana magauni, na kilichobaki kikawa pazia la chumbani ambalo mtaliona katika picha za miaka iliyofuata. Chakula sitaki kukieleza, kwani kila mmoja wenu anaijua ladha ya mkate wa kumimina na mchuzi wa kuku asubuhi ya sikukuu, na aliye mbali nisimtie uchungu.

Nitakachoeleza ni picha moja iliyoniletea kofi. Baba alinunua filamu ya picha 36, akaigawa kwa siku nne za sikukuu, picha tisa kwa siku, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa kamera. Mimi nilikuwa na umri wa miaka minane. Niliishika, ikalia, na kilichopatikana ni picha ya viatu vilivyovuliwa mlangoni. Kwa miaka mingi ilibaki chini kabisa ya sanduku kama ushahidi wa makosa yangu. Mwaka huu nilimsomea Bibi viatu hivyo kimoja kimoja: makubadhi yenye kisigino kilicholika upande, ndara za kijani zisizokuwa jozi, viatu vyeusi vya ofisini vilivyochomekwa soksi ndani, viatu vya mtoto vilivyofungwa mifuko ya plastiki kwa ajili ya tope. Kwa kila kiatu alinipa mtu. Wengi wao hawamo katika picha nyingine yoyote ya sanduku lile, kwa sababu walikuja, wakala, wakatoa mkono wa Idd kwa watoto na wakaondoka kabla Baba hajaamua kwamba wanastahili moja kati ya zile tisa. Siku hizi simu zetu zinapiga picha mia kwa asubuhi moja, na sijui ni nani anayepiga viatu.

Narudi kwenye ya 1961. Ilipigwa studio, Mji Mkongwe, ambako wapiga picha wa Kigoa na wa Kihindi walikuwa wamefanya kazi kwa miaka mingi. Capital Art Studio peke yake, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilikuwa tayari imemaliza miaka 30. Muhuri wa studio ya picha yetu umeliwa na unyevu. Nyuma ya watu pana pazia lililochorwa bustani na ngazi za marumaru, ngazi ambazo hakuna aliyezipanda, kwani nyumba halisi ya familia ilikuwa ya udongo na makuti, Ng'ambo, ule upande wa pili wa mji, na baadaye ilibomolewa pamoja na nyingine nyingi kupisha majengo hayo hayo ya Michenzani. Baba yake Bibi amekaa kitini. Mkewe yuko kulia kwake na mkono wake uliofichwa. Bibi mwenyewe, mwari wa miaka 15, amesimama nyuma, ameshika kiti kwa vidole viwili kama anayeogopa kukichafua. Kaka zake wawili wapo. Na mbele, chini, amekaa mtoto wa kike wa miaka saba au minane ambaye nilipomfikia nilimwambia Bibi, "Na huyu mdogo wako."

Bibi akasema, "Mimi sikuwa na mdogo."

Kisa ni hiki. Idd ya pili ile walitoka Ng'ambo kwa miguu, wakavuka kuingia mjini, na mlangoni pa studio wakakuta foleni ya familia zilizovaa nguo mpya. Kando ya mlango alisimama mtoto peke yake, naye amevaa nguo mpya, akitazama kila familia inavyoingia na inavyotoka. Zamu yao ilipofika, baba yake Bibi alimwambia aingie. Hakumwuliza ni mtoto wa nani. Bibi alinirudia maneno hayo mara mbili, na mara ya pili akaongeza kwamba siku zile hilo ndilo lililokuwa swali la mwanzo. Wazee wetu wanakijua kipindi hicho kwa jina la zama za siasa. Machi ile ilikuwa kati ya uchaguzi wa Januari 1961, uliotoka karibu sare, na ule wa Juni uliofuatiwa na umwagaji wa damu, na watu walikuwa wamefikia kususiana maduka na hata maziko. Mtoto hukuitwa mpaka ujulikane mlango wake. Baba yake Bibi, ambaye kwa maelezo ya Bibi hakuwa mpole, na chama chake alikuwa nacho kama wenzake, aliona gauni jipya lisilokuwa na wa kulipigia picha, basi.

Nimemtazama mtoto yule kwa kioo cha kukuzia. Gauni lina mikono ya kujaa na ukosi wa duara. Nywele zimesukwa mistari kwenda nyuma. Mkono wa kulia umekunjwa ngumi, na Bibi anasema ndani yake mlikuwa na sarafu, mkono wake wa Idd, ambayo mpiga picha alimwomba aiweke chini na yeye akakataa. Baada ya picha alisema ahsante, akatoka mbio kuelekea Mnazi Mmoja kwenye pembea, na hakuonekana tena. Jina lake hakuna aliyelishika.

Nimemwambia Bibi kwamba Idd itamaliza mzunguko mwingine na kurudi Machi mwaka 2058, akanijibu kwamba ya mwaka huo ananiachia mimi. Kwa hiyo Idd ya pili ya sikukuu hii, inshallah, tutapiga picha moja ya kusafishwa na kuandikwa nyuma, Bibi akiwa kitini, na nyinyi mlio karibu mnakaribishwa baada ya swala ya alasiri. Vueni viatu mlangoni, vitapigwa picha.

Na ombi langu kwenu ndilo hili. Kama mama yako, shangazi yako au bibi yako, ambaye leo atakuwa amepita miaka 70, aliwahi kusimulia kwamba alipokuwa mdogo aliitwa studio na watu asiowajua siku ya sikukuu, mwulize alikuwa ameshika nini mkononi. Baba yake Bibi alilipia nakala mbili. Ya kwanza ndiyo hii iliyoandikwa tarehe. Ya pili imo sandukuni, ndani ya bahasha yake ya studio, na juu ya bahasha, kwa mwandiko ule ule na herufi zile zile, pameandikwa: ya mtoto.

Idd Mubarak.