Salamu za Krismasi kutoka Mtwara, kwa kuwakumbuka jirani zetu wa Msumbiji

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, mlioko nyumbani na mlioko ugenini, Tumsifu Yesu Kristo. Na kwenu ndugu zangu Waislamu, ambao pilau ya Krismasi na pilau ya Idi tumeila katika sinia moja tangu utotoni, asalaam aleikum.

Ninaandika katika mkesha wa Krismasi ya mwaka 2024, maembe yakiwa yamejaa kila kona ya mji, minada ya korosho ikielekea ukingoni. Kwa desturi salamu za msimu huu huwa za furaha tupu, lakini safari hii nimeona ni haki furaha yetu iwakumbuke walioko ng'ambo ya Mto Ruvuma. Tarehe 14 Desemba Kimbunga Chido kilikipiga kisiwa cha Mayotte, na kesho yake asubuhi kikaingia nchi kavu katika wilaya ya Mecufi, kusini kidogo mwa mji wa Pemba, huko Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, kisha kikaendelea hadi Malawi. Nchini Msumbiji peke yake waliokufa wamekwisha kupita 100. Wengi wa waliobomolewa nyumba walikuwa tayari wamechoka, kwa maana mkoa huo umekuwa katika mapigano tangu mwaka 2017, na wapo waliokimbia vijiji vyao na kujenga upya kwa miti na makuti, wakaja kuvuliwa paa mara ya pili.

Sokoni kwetu yupo mama anayeuza ming'oko, ambaye dada yake ameolewa Mecufi. Juma zima lile nilimwona, kila akimaliza kumhudumia mteja, akiitoa simu chini ya kitambaa kilichofunika beseni, akipiga, akisikiliza kwa muda, kisha akiirudisha palepale bila kusema neno. Siku ya tano alipigiwa kwa namba asiyoijua. Alipomaliza kuzungumza alitugeukia akasema, "Yuko hai. Nyumba imekwenda, kuku wamekwenda, yeye yuko hai." Hapo hapo akaanza kuhesabu mauzo ya siku ile, huku akiuliza ni nani anayesafiri kwenda Msumbiji karibuni.

Sauti yake ilinirudisha tarehe 25 Aprili 2019, siku ambayo Kimbunga Kenneth kilikuwa kikitujia. Wengi mnakumbuka: tuliambiwa tutoke mabondeni, shule zikafungwa, nami nikafunga vyeti vyangu na hati ya shamba ndani ya mfuko wa plastiki nikavifunga kiunoni. Tulingoja. Jioni zikaja habari kwamba kimbunga kimeingia Cabo Delgado, na nyumba nzima ikapaza sauti kumshukuru Mungu. Nilishukuru pamoja nao, na wala sijutii. Lakini usiku uleule, wakati sisi tukifungua mizigo, upepo uliotupita ulikuwa ukiezua nyumba za kisiwa cha Ibo na za Macomia. Shukrani yetu ilikuwa ya kweli, ila tuliikata katikati, kwa sababu hatukuwaombea wala kuwatumia chochote wale waliopigwa badala yetu. Jambo hilo limenikaa moyoni miaka mitano.

Wala kinga yetu si ya kujivunia. Vimbunga huzunguka kwa msaada wa mzunguko wa dunia, na nguvu hiyo hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta, ndiyo maana pwani yetu, iliyo karibu na nyuzi 10 kusini, hufikiwa mara chache. Mara chache si kamwe. Wazee wa Lindi wanakisimulia kimbunga cha mwaka 1952, na Mei mwaka huu mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam huko Kilwa, tukakaa siku kadhaa tukijua maana ya kungoja wengine watufikie.

Keshokutwa, tarehe 26, inatimia miaka 20 tangu tsunami ya Bahari ya Hindi, iliyoua watu zaidi ya 220,000 katika nchi 14, na mawimbi yake kufika hadi Somalia na hapa kwetu Tanzania. Wakati ule watu wasioweza kuionyesha Aceh, huko Indonesia, kwenye ramani walitoa walichokuwa nacho kwa ajili yake. Baada ya hapo mataifa yalishirikiana kujenga mfumo wa tahadhari kwa bahari hii yote, na mimi nauhesabu huo kuwa miongoni mwa huruma kubwa kuliko zote, kwa kuwa unamfikia mtu kabla hajawa maiti. Hata sisi mwaka 2019 tulitoka mabondeni kwa sababu kuna waliokesha wakiutazama upepo huo kwa niaba yetu.

Kuwasaidia wa ng'ambo si jambo geni kwetu. Katika miaka ya 1960 Rutamba, mkoani Lindi, iliwapokea wakimbizi wa Msumbiji, na Nachingwea ikawapa wapigania uhuru wao mahali pa kujiandaa. Wamakonde wa pande zote mbili wanajua kwamba mto haujawahi kukata undugu. Kwa hiyo nawaomba, kabla hatujapakua kesho, tutenge kitu: kanga, sufuria, fedha kidogo ya misumari na bati, na mbegu, kwa kuwa mvua zimeanza na asiyepanda sasa atalala njaa mwakani.

Nawatakia Krismasi njema na heri ya mwaka 2025, ninyi na wote waliolala nje usiku huu. Kifurushi cha yule mama kinaondoka Ijumaa kupitia daraja la mpakani la Mtambaswala, na bado kina nafasi.