Wazee wa Inua Jamii sio ombaomba

Mhariri,

Juzi nikiangalia habari za saa moja wakaonyesha wazee wamepanga laini wakingoja pesa za Inua Jamii, ule mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa pesa wazee na wengine wasiojiweza, kamera ikaganda kwa miguu ya shosho mmoja, viatu vimeraruka, halafu wakawekelea muziki wa huzuni utadhani ni matanga. Huyo shosho hakuulizwa hata swali moja. Mwenye aliongea ni mwanasiasa, eti wamewasaidia wazee.

Wamewasaidia na pesa ya nani jameni? Hizo shilingi 2,000 kwa mwezi zinatoka kwa ushuru, na huyo mama ameulipa maisha yake yote kila akinunua bidhaa dukani. Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema serikali itawapa usaidizi watu wasioweza kujikimu, kwa hivyo hiyo ni haki yake, sio sadaka.

Shosho yangu pia hupokea hiyo pesa. Akiipata anaigawanya mezani, ya dawa ya presha, ya unga, ya kulipa deni la duka, na kuna mwezi alimnunulia mjukuu kalamu na vitabu akabaki na mia mbili, na alikuwa amefurahi sana. Amelima shamba za watu miaka arobaini huyu, lakini kwa TV angekuwa tu miguu na viatu.

Naomba maripota wawe wanaomba ruhusa kabla ya kupiga picha, na wakishapewa wampe mzee maikrofoni aongee mwenyewe.

Msomaji wenu,
Nakuru