Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Hospitali: michoro ya wagonjwa si takataka

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia hadharani kwa kuwa barua zangu za ofisini hazijibiwi, na wiki iliyopita vilivyokuwa stoo ya wodi ya akili vimechomwa moto.

Humo mlikuwamo michoro ya dada yangu. Alichora nyuma ya maboksi ya dawa, kwa kalamu ya bluu, milango tu: mirefu, myembamba, hata mmoja hauna kitasa. Mliona uchafu.

Ni wewe uliyetuahidi, sisi ndugu wa wagonjwa, chumba cha maonyesho. Tulipiga makofi. Hongera kwa rangi mpya ya jengo la utawala, imependeza sana. Labda fedha ziliishia huko. Au labda, na hili ndilo ninaloliamini, mnaona aibu mgeni akijua kwamba watu mnaowafungia wana la kusema.

Sikuombi miujiza. Kule Heidelberg, Ujerumani, daktari Hans Prinzhorn alianza mwaka 1919 kuziandikia hospitali za akili akiomba kazi za wagonjwa. Akapata kama 5,000, na tangu 2001 zina makumbusho yake. Lipo koti la mshonaji Agnes Richter, alilolitarizi maneno mwili mzima. Mengi hayasomeki, lakini halikutupwa. Ipo michoro ya Franz Karl Bühler. Mwenyewe Wanazi walimuua mwaka 1940 kwa sababu ya ugonjwa wake. Na Brazili, daktari Nise da Silveira alikataa kuwapiga wagonjwa shoti za umeme, akafungua chumba cha kuchorea mwaka 1946. Kufikia 1952 kilikuwa kimezaa makumbusho. Chumba tu, Mheshimiwa, na rangi, na mtu wa kutunza karatasi!

Dada ananiuliza milango yake iko wapi. Nimemdanganya kwamba mmeihifadhi. Kila nikija kumwona ananiuliza tena, nami usingizi sina.

Basi makumbusho yako yaache, yajenge utakapopenda. Naomba maboksi yaliyobaki chini ya ngazi, nimeyaona kwa macho yangu, yasiguswe. Hata mkaguzi akija, yasiguswe. Kama yanawabana nafasi, niitwe, nitakuja na gunia langu niyachukue mwenyewe.

Wako mtiifu,
Ndugu wa mgonjwa