Zuhura, hiyo 14.5 imeninyima usingizi

Zuhura shoga yangu,

Salamu nyingi, za siku nyingi, na unisamehe kwa kimya. Barua yako niliisoma siku ileile, nikaiweka kando nije kuijibu nikitulia. Huko kutulia ndiko hakukuja. Jana usiku nimeamka kuisoma tena, maana kuna tarakimu imenikaa rohoni. Unasema muuzaji ameandika kwamba yule poni, huyo farasi mdogo wa Rehema, ana urefu wa "14.5". Hukukosea kunakili?

Nauliza kwa sababu 14.5 haipo. Farasi hupimwa kwa mikono, na mkono mmoja ni inchi 4. Si mkono wetu wa dhiraa, kiwiko hadi ncha ya kidole. Kwa dhiraa 14 twiga angemwamkia shikamoo. Huu ni upana wa kiganja pamoja na dole gumba, uliowekwa kisheria kuwa inchi 4 huko Uingereza enzi za mfalme Henry VIII. Na ile nukta, shoga, si ya desimali. Inatenganisha mikono na inchi zilizobaki. Kwa hiyo unahesabu 14.1, 14.2, 14.3, halafu 15. Inchi ya nne imeshakuwa mkono mwingine, kama dakika ya 60 inavyokuwa saa.

Sasa huyo bwana alikusudia nini? Kama ni mikono 14 na nusu, basi ni 14.2, yaani inchi 58, kama sentimita 147. Kama ni mikono 14 na inchi 5, huyo ni 15.1, karibu sentimita 155. Inchi tatu nzima! Na mpaka wa poni na farasi uko papo hapo, kwenye 14.2. Wa kwanza ni poni kwa nywele tu, wa pili Rehema atampandia kwa ngazi.

Shabani najua atadakia kwamba kila farasi mfupi ni poni. Mwache na ubishi wake. Farasi wa Iceland wengi hawafiki hata 14.2 na bado wanaitwa farasi, na wale wa mchezo wa polo wanaitwa poni hata wakipita mikono 15. Lakini kwenye mashindano hakuna maneno, ni kipimo tu: ya kimataifa yanataka poni asizidi sentimita 148 bila viatu vya chuma, 149 akiwa navyo.

Halafu kuna namna ya kupima. Mimi niliwahi kumwona mtu, simtaji, akipima hadi utosini. Farasi akiinua kichwa anarefuka, akiinama kula anafupika! Pale panapopimwa ni kile kigongo kati ya mabega, shingo inapokutana na mgongo, maana hapo hapapandi wala hapashuki kama kichwa. Asimame kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, miguu ya mbele ilingane, na fimbo iwe na pimamaji. Kwenye nyasi kwato zinazama, unajidanganya mwenyewe.

Nilitaka kukueleza na habari ya Mwanaidi, lakini hiyo ni ndefu, na mimi bado niko kwenye 14.5. Mtu anayeuza farasi halafu haijui nukta yake... ama hajui, ama anajua sana.

Basi niambie: umeshalipa, au umetoa maneno tu? Amempima nani, na kwa fimbo au kwa macho? Alikuwa na viatu? Ana miaka mingapi? Akiwa wa miaka 3 bado anakua, na kipimo cha leo mwakani si chake tena. Na Rehema mwenyewe ameshakaa juu yake, miguu inafika wapi? Nijibu upesi, usifanye kama mimi.

Wako,
Asha