Msamaha usio na karatasi

Mhariri,

Mimi ni mzee wa Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda usalama wa mtaa wao, katika Kaunti ya Kwale. Kila niwasikiapo wakubwa redioni wakizungumzia "kuwapokea vijana waliorudi kutoka Somalia", huwa najiuliza wamewapokelea wapi. Mmoja nilimpokea mimi. Nimegeuza mambo mawili matatu ili asitambulike, lakini kisa ni hicho.

Ilikuwa Aprili 2015. Watu 148 walikuwa wametoka kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na marehemu Joseph Nkaissery, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, akatangaza kwamba waliojiunga na al-Shabaab wajisalimishe katika siku kumi nao watasamehewa. Usiku mmoja katika siku hizo jirani yangu alipiga hodi kwangu, kashika ndara mkononi asisikike akitembea. "Kaka, mtoto yuko ndani," akasema. Sikuuliza mtoto yupi. Alikuwa na mmoja tu asiyejulikana aliko.

Nilimkuta kaketi sakafuni, mgongo ukutani, macho mlangoni. Aliondoka ana miaka 17, kaahidiwa kazi. Alirudi ana 19 na sikio moja halisikii. "Shikamoo, ami." Nikaitikia marahaba, kisha sote tukakosa la kusema. Mdogo wake, wa miaka 12, alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, anafukuzwa akalale na haendi.

Tulimtafuta wakili, tukampeleka kituoni mchana kweupe, mimi na mamake ubavuni. Nilidhani kutakuwa na fomu: yeye atie sahihi, mimi nitie kama shahidi, tupewe nakala. Walimhoji, wakakaa naye siku nne, wakatuambia tumchukue. Nikauliza, na karatasi? Afisa akacheka, wala si kwa ubaya. "Mzee, msamaha umetangazwa kwenye runinga. Karatasi ya nini tena?"

Karatasi ni ya leo, afisa. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 ilirekebishwa Desemba 2014, ikasema kuwa mtu akienda katika nchi iliyotajwa kuwa ya mafunzo ya kigaidi bila kupita mpaka rasmi, atahesabiwa kuwa alikwenda kupata mafunzo hayo. Kijana wetu hakupita mpaka rasmi. Waziri alisamehe kwa mdomo jambo ambalo miezi minne nyuma Bunge lilikuwa limeliandika, na neno la waziri halifuti kifungu. Yule afisa aliyecheka alihamishwa zamani. Kila anayekuja mahali pake huanza upya: jina, ulikwenda lini, ulikwenda na nani. Kijana hujibu yale yale, na mimi huitwa kuthibitisha yale yale.

Hapo sijataja wale aliowatoroka. Hapa Kwale vijana waliorudi wameuawa, na wazee wenzangu wa Nyumba Kumi nao wameuawa. Kwa mwaka mzima kijana hakulala nyumba moja siku tatu mfululizo. Akikaa, anaogopa wa huku. Akitoka, anaogopa wa kule. (Sisi wazee, kwa faida ya wasiojua, hatulipwi. Tulipewa daftari.)

Kwa kuwa aliondoka kabla ya kutimiza miaka 18, hakuwa na kitambulisho, na hadi leo hana. Ofisi moja inataka barua ya ofisi nyingine, na hiyo nyingine inataka mtu wa kumdhamini kimaandishi kwamba "hana doa". Laini yake ya simu imesajiliwa kwa jina la mamake. Bodaboda anaiendesha vizuri kuliko wengi, ila leseni haipati. Anafanya vibarua vya kupiga matofali kwa watu wasiouliza maswali, na watu wasiouliza maswali ndio hasa ambao singependa afanye nao kazi.

Najua wasomaji watakaoniuliza kuhusu waliouawa Garissa. Sijawasahau. Aliyeua apelekwe mahakamani, na kama ushahidi upo dhidi ya huyu wetu basi na uletwe, ama ahukumiwe ama aachwe. Kinachonishinda ni hii hali ya kuwa si mfungwa wala si huru, mwaka baada ya mwaka, na bado tunaambiwa tuwashawishi wengine warudi.

Hatukosi mipango. Mkakati wa kitaifa wa kukabiliana na itikadi kali ulizinduliwa 2016, na kaunti yetu ikapata mpango wake mwaka uliofuata. Nimeitwa kwenye warsha zake hata fulana zimenijaa kabatini. Huko nilisikia jambo moja ambalo halijanitoka: utafiti wa 2017 wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, uliowahoji Waafrika waliokuwa wamejiunga na makundi haya kwa hiari yao, ulikuta asilimia 71 wakisema kilichowasukuma hatua ya mwisho ni tendo la serikali, kama vile ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Aliyesoma takwimu hiyo aligeuza ukurasa akaendelea. Mimi nilibaki nikimwaza yule wa miaka 12 mlangoni.

Sasa ni mtu mzima. Shule alimaliza, kitambulisho anacho, adabu anayo. Juzi alinipitia barazani akanisalimu, kisha akauliza bila kunitazama: "Ami, kaka alipata nini kwa kurudi?"

Nawaomba wabunge wa Pwani wapeleke mswada. Useme anayetaka kujisalimisha aende kwa nani, na huyo wa kwanza asiwe polisi, kwa maana hakuna mzazi atakayempigia simu polisi mwanawe akiwa ndiyo kwanza ameanza kubadilika. Useme kesi ya nani itasikizwa na ya nani itafungwa, kwa muda gani, na nani atatia sahihi. Na kesi ikifungwa, mtu apewe waraka ambao afisa mgeni akiuona hataanza upya.

Barua ya udhamini nimeiandika mara tatu nikaichana. Kumjua namjua. Lakini neno "hana doa" serikali yenyewe, iliyomhoji siku nne, haijathubutu kuliandika, sasa inataka niliandike mimi.

Mzee wa Nyumba Kumi,
Kwale
(Jina nimeomba lisichapishwe)